Mwanariadha wa Kulipwa Ndani ya Kundi Langu la Umri: Je, Ni Haki?

SWALI

Hujambo Kocha. Mimi ni muuguzi hapa Nakuru, nina miaka 41. Mwaka huu nilisafiri hadi Kisumu kushiriki triathloni fupi: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Katika kundi la wanawake wa miaka 40–44 tulikuwa watano, nami nikamaliza wa pili. Aliyeshinda aliniacha kwa zaidi ya dakika kumi na moja. Baadaye nikaja kujua kwamba miezi miwili kabla ya hapo alikuwa ameshindana nje ya nchi katika kitengo cha wanariadha wa kulipwa. Kisumu alijiandikisha kama sisi wengine. Je, hiyo ni haki? Kuna kanuni inayomzuia? Naweza kukata rufaa sasa? Na mwenzangu wa mazoezi anasema kama ni hivyo, basi hata wakimbiaji wa barabarani wa Iten wazuiwe, maana nao wanalipwa.

JIBU

Dada yangu, pole, na hongera kwa kumaliza. Nitaanza na rufaa, maana jibu lake ni fupi na halitakufurahisha: muda umepita. Kanuni za World Triathlon, shirikisho la dunia la mchezo huu, zinataka pingamizi lolote kuhusu ustahiki wa mshiriki liwasilishwe kabla mkutano wa maelekezo kwa wanariadha haujaisha. Yaani kabla hata hamjagusa maji. Pingamizi huandikwa, hulipiwa ada, na ada hiyo hurudishwa ukishinda. Watu wengi huja mezani kwetu sisi wasimamizi wa mbio wakiwa na medali shingoni na hasira kifuani, na tunalazimika kuwarudisha mikono mitupu.

Ukisoma orodha ya washiriki, kumbuka pia kwamba umri unaohesabiwa ni ule utakaokuwa nao tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Mama anayetimiza miaka 40 mwezi Desemba huingia kundi la 40–44 tangu Januari, akiwa bado na 39. Nimeshuhudia pingamizi kali likianguka kwa kutolijua hilo tu.

Sasa haki. Kwa maelezo uliyonipa, haikuwa haki, na sisemi hivyo kukufariji.

Kumbuka asubuhi ile kabla ya kuingia majini. Kuna kijana wa kujitolea alikuinamia, akakuandika kwa kalamu ya wino kwenye shavu la mguu. Mashindano mengine huandika umri wenyewe, mengine herufi ya kundi. Mtu wa nje huona pambo. Wewe unajua kazi ya ule wino. Uko juu ya baiskeli kwenye barabara ya Ahero, upepo wa ziwa unakupiga ubavuni, mtu anakupita, na macho yako yanakwenda moja kwa moja kwenye mguu wake. Ukiona 27, unamwacha aende zake. Ukiona 43, unainuka kwenye kiti na kukanyaga. Mbio za makundi ya umri ni hizo: kila mtu ana watu wake wachache ndani ya umati. Aliyeandikwa 42 mguuni na hali mwaka huohuo anashindania pesa kwingine, amekupa habari isiyo kamili. Umejiua kumfuata mtu ambaye kitengo chake ni kingine.

Mara nyingi nasimamia eneo la kubadilishia, pale mtu anapotoka majini na kuchukua baiskeli, na tofauti huiona pale mapema kuliko popote. Mshiriki wa kawaida anatoka majini, anakaa chini, anapangusa mchanga kwenye vidole, anavaa soksi, anafunga kamba. Dakika mbili zimekwenda, pengine tatu. Wa kulipwa anafika viatu vyake vikiwa tayari vimenaswa kwenye pedali, vimeshikiliwa sawasawa na kipande chembamba cha mpira ili visiburute chini. Anafunga helmeti, anakimbia na baiskeli hadi mstari wa kupandia, anaruka juu yake, na miguu inaingia viatuni huku magurudumu yakizunguka. Mpira unakatika wenyewe. Hakuna kanuni aliyovunja hapo, na hata wewe naweza kukufundisha Jumamosi moja. Lakini yeye amerudia kitendo hicho mara elfu kwa sababu ndiyo kazi yake, wakati wewe ulikuwa zamu ya usiku wodini.

Kinachomfanya mtu awe wa kulipwa katika hesabu zetu ni leseni yake na kitengo alichoshindania. Jezi yenye majina ya wadhamini haihesabiki, wala baiskeli ya bei ya gari. Kanuni iliyozoeleka katika mashirikisho na kwa waandalizi wengi ni kwamba mtu akishikilia leseni ya kulipwa, au akishindana katika kitengo hicho, mwaka huo hawezi kurudi kwenye makundi ya umri. Anachagua mlango mmoja wa kuingilia. Vitengo hivi havitumii hata kanuni zilezile za baiskeli: kwenye mbio za Olimpiki wanariadha wanaruhusiwa kuendesha wakiwa wamebanana, mmoja akimkinga mwenzake upepo, ilhali ninyi wa makundi ya umri, kwa mbio kama ile ya kwako, kwa kawaida mnatakiwa kuachiana mita 10, na ukianza kumpita mtu una sekunde 20 za kumaliza. Tatizo ni kwamba kanuni ya leseni inafanya kazi pale tu mwandalizi anapouliza. Fomu nyingi za huku kwetu zinauliza jina, umri, ukubwa wa fulana na namba ya M-Pesa, basi.

Nina deni langu katika jambo hili. Miaka ya nyuma, asubuhi ya mashindano, mwanariadha mmoja aliniomba nimhamishe kutoka kitengo cha kulipwa kwenda kundi la umri. Alikuwa ameona majina manne mazito kwenye kitengo chake. Nikamkubalia, nikijiambia kwamba watu ni wachache na mbio lazima zinoge. Alishinda kundi lile kama aliyekwenda kuchota maji. Mwaka uliofuata, wanawake watatu aliowashinda hawakurudi. Sikuwahi kuwauliza sababu, na jibu naona nalijua. Kwa wanaume, ambako kundi lina watu thelathini, anayeingia isivyo halali anamnyang'anya mtu mmoja ngazi ya jukwaa na wengine hawatambui. Kwenu mlikuwa watano. Wanawake wa miaka arobaini waliojifunza kuogelea wakiwa watu wazima, wakatafuta baiskeli, wakapata mtu wa kubaki na watoto, hatuna wengi kiasi cha kuwapoteza.

Mwenzako na wakimbiaji wa Iten. Hapo nampinga, ila kwa sehemu. Mkimbiaji wa barabarani analipwa kwa kukimbia. Katika triathloni ni mgeni kama mwingine yeyote. Chukua hesabu ya kukadiria. Yeye anakimbia kilomita 5 kwa dakika 17, wewe 26: amekupita kwa dakika 9. Lakini majini wewe unatumia dakika 16 na yeye, aliyejifunza kuogelea mwaka jana, 24. Umerudisha 8. Kwenye baiskeli wewe dakika 40, yeye 44. Unamshinda kwa dakika tatu, na wote wawili mmefika mkihema. Hayo ni mashindano ya kweli, na mimi ningependa wakimbiaji wetu waje wengi zaidi.

Ondoa maji, hesabu inapinduka. Duathloni fupi ni kukimbia kilomita 5, baiskeli 20, kisha kukimbia tena 2.5. Mkimbiaji yuleyule anachuma dakika 9 mwanzoni na 4 na nusu mwishoni, anapoteza 4 kwenye baiskeli, anakuacha kwa zaidi ya dakika tisa. Kwa hiyo katika duathloni za Nakuru, Eldoret na kwingine Bonde la Ufa, ninawashauri waandalizi waweke kitengo cha wazi chenye zawadi yake, na kila anayekimbia kwa malipo aelekezwe huko bila kujali umri. Si adhabu. Ni mahali pake.

Yuko pia yule aliyestaafu. Riadha ya wakongwe, inayoanzia miaka 35, humpokea bingwa wa zamani pamoja na mwalimu wa shule ya msingi, na naona ni sawa, kwani kinachopimwa pale ni umri tu. Umri wenyewe hauwaburuti watu wote kwa kasi moja: Bernard Lagat, mzaliwa wa Kapsabet, alikuwa na miaka 41 alipomaliza wa tano mbio za mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mtu aliyerudisha leseni miaka mingi iliyopita, leo anafanya kazi benki na kufanya mazoezi saa kumi na moja alfajiri kama wewe, usimnunie. Mkimbize.

La kufanya sasa ni hili. Waandikie waandalizi barua ya heshima, utaje mbio za kulipwa alizoshiriki yule aliyekushinda na tarehe yake, na uombe mambo mawili. Kwanza, watumie mamlaka yao kumhamishia kitengo cha kulipwa au cha wazi. Muda wake ubaki, nafasi ya kundi irudi kwenu. Hawalazimiki, ila wenye moyo huliangalia. Pili, fomu ya mwakani imtake kila mtu ajibu kama ameshikilia leseni ya kulipwa au kushindana na wa kulipwa ndani ya mwaka huo, na orodha ya washiriki kwa makundi itoke siku mbili kabla ya maelekezo. Usimshambulie yeye kwa jina mitandaoni. Huenda hakuulizwa.

Orodha ikitoka mwakani, isome usiku huohuo. Ukiona jina linalokutia shaka, njoo na karatasi yako kabla mkutano haujaanza. Meza yetu huwa karibu na lango la baiskeli.