Maswali na Majibu: Mbona Nikifunga Ndipo Majaribu Yanapozidi?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kufunga, na nyingi zina kilio kimoja: mtu amefunga ili apate nguvu ya kushinda dhambi, akakuta vita imekuwa kali zaidi. Nianze na hilo.

Mchungaji, nikifunga napata hasira za ajabu. Siku za kawaida navumilia, ila siku ya mfungo nawafokea watoto mpaka najuta. Je, niache kufunga?

Usiache, dada yangu. Soma tena Mathayo 4. Bwana Yesu alifunga siku 40 mchana na usiku, mwisho akaona njaa, na mjaribu akamjia katika njaa hiyohiyo. Akaanzia tumboni: amuru mawe haya yawe mikate. Basi kujaribiwa ukiwa umefunga hakumaanishi kwamba mfungo wako umekataliwa. Mwana wa Mungu mwenyewe alipita hapo.

Sasa tazama alivyojibu: "Mtu hataishi kwa mkate tu, ila kwa kila neno litokalo katika kinywa cha Mungu." Maneno hayo yametoka Kumbukumbu la Torati 8, na pale Musa anawaeleza Waisraeli kwa nini Mungu aliwaacha waone njaa katika ile miaka 40 ya jangwani: wanyenyekezwe, na yaliyomo mioyoni mwao yajulikane. Naona jibu lako liko hapo. Hasira hiyo haikuletwa na mfungo, ilikuwamo siku zote. Wengi wetu tunatuliza uchungu, upweke na uchovu kwa kula, bila kujua kwamba tunafanya hivyo. Chakula kikiondolewa, ndipo mtu anapogundua kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hiyo ukisikia sauti yako inaanza kupanda, nyamaza, toka nje kidogo, umwambie Mungu jambo lenyewe lilivyo: "Bwana, mtoto amemwaga maji nikatamani kumpiga, na kweli nimechoka." Kama umeshamfokea, rudi umwombe radhi. Isaya 58 inasimulia watu waliofunga huku wakigombana na kuwaonea wafanyakazi wao, kisha wakashangaa kwa nini Mungu haitiki. Mimi naamini siku uliyomwomba mtoto wako msamaha umefunga vizuri, hata kama saa tisa ulishindwa ukala. Na kama una nafasi ya kuchagua, usifunge siku yenye kazi nyingi kuliko zote nyumbani.

Napambana na picha za ngono kwa miaka mingi. Nikifunga, mchana nashinda, lakini usiku nikishakula naanguka. Nimeshafunga hadi siku saba mfululizo. Je, niongeze siku?

Ndugu yangu, asante kwa kuandika wazi hivi. Siku usiongeze.

Luka anamaliza habari ya majaribu ya Yesu kwa kusema kwamba Ibilisi alimwacha kwa muda. Alikusudia kurudi. Saa ya hatari kwako ni ile baada ya mfungo, na barua yako yenyewe inaonyesha: umekula umeshiba, mwili umelegea, uko peke yako kitandani na simu mkononi, na moyoni kuna wazo kwamba leo umejitahidi sana. Wazo hilo ndilo linalokuangusha. Umeufanya mfungo kuwa malipo, na mtu akishalipa hudai chake.

Njaa haisafishi dhambi. Damu ya Kristo ndiyo inayosafisha, na ulishasamehewa kabla hujakosa mlo hata mmoja. Kufunga kuna kazi nyingine. Chakula ni halali, tena Mungu ndiye aliyetupa. Ukijizoeza kukiambia kitu halali "subiri", utajua namna ya kukiambia kitu haramu "hapana" kikija na nguvu zake. Mazoezi ya namna hiyo hutaka kurudiwa. Paulo anapozungumzia kuutiisha mwili wake katika 1 Wakorintho 9, mfano wake ni wanaoshindana katika michezo, watu wa mazoezi ya kila siku. Wakristo wa mwanzo walifunga Jumatano na Ijumaa, wiki baada ya wiki, na John Wesley, mhubiri aliyeanzisha Umethodisti, aliwahimiza Wamethodisti wa karne ya 18 waufuate utaratibu huo. Nakushauri uache mlo mmoja siku moja au mbili kila wiki, na muda ambao ungekula, uombe.

Halafu jioni simu ilale chumba kingine. Hilo nalo ni jambo la kiroho. Na tafuta ndugu mmoja aliyekomaa katika imani umweleze yote, kama Yakobo 5:16 inavyoagiza. Dhambi ya sirini haisumbuki sana na mtu anayefunga peke yake bila kumwambia yeyote. Siku utakayoanguka, tubu, ulale, na kesho yake kula kama kawaida. Usijiadhibu kwa mfungo mwingine.

Kiongozi wetu wa maombi ametangaza mfungo kavu, bila chakula wala maji, wa siku tatu kama wa Esta. Nina kisukari na natumia dawa. Nisipofunga nitaonekana sina imani.

Usifunge mfungo huo. Kwa mtu anayetumia dawa za kisukari, kukaa bila kula kunaweza kuishusha sukari ghafla akapoteza fahamu, na kukosa maji kuna hatari yake pia. Usibadilishe chochote bila daktari wako. Wajawazito, wanaonyonyesha na waliowahi kuugua kwa kujinyima chakula nao wanahusika na onyo hili. Esta alifunga vile kwa sababu watu wake walikuwa karibu kuangamizwa. Hakuacha sheria kwa kila kikundi cha maombi. Hata Kanisa Katoliki, lenye sheria iliyoandikwa ya kufunga, linawabana wenye umri wa miaka 18 hadi 59 tu, linaruhusu mlo mmoja kamili kwa siku, na wagonjwa hawabanwi.

Viongozi wanaotangaza mifungo wasome 1 Samweli 14. Sauli aliwaapiza askari wake wasile hadi jioni, siku ya vita. Jioni ilipofika walikuwa wamezimia kwa njaa, wakarukia nyara, wakala nyama pamoja na damu, jambo ambalo Torati iliwakataza. Mfungo wa kulazimishwa ukawaingiza dhambini.

Nilisahau nikala wakati nimefunga. Nianze upya?

Endelea kuanzia hapo ulipokumbuka. Hukuvunja agano lolote.

Kuacha mitandao badala ya chakula, ni kufunga?

Ni kujinyima kuzuri, na kwa asiyeweza kuacha chakula kwa sababu ya afya kunafaa sana. Ila katika Biblia kufunga kunahusu chakula, na kama mwili wako unaruhusu, usiikwepe njaa. Wapo wanaoacha mitandao kwa sababu chakula ndicho kinachowatawala.

Nimeanza mfungo wa siku 21, na sikutaka tendo la ndoa katika siku hizo. Mume wangu amenuna. Je, ni Shetani anapinga mfungo wangu?

Mama, mumeo ana haki ya kulalamika. 1 Wakorintho 7:5 inawaambia wanandoa wasinyimane isipokuwa kwa kupatana, kwa muda, kwa ajili ya kusali, kisha warudiane, Shetani asije akawajaribu. Wewe ulianza bila kupatana naye, na mfungo uliokusudiwa kukulinda na majaribu umemwachia mumeo mlango wazi. Funga chakula chako kama ulivyokusudia. Hilo lingine zungumza naye leo, na kama atakubali, pangeni pamoja siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Asipokubali, liache.