Taa za breki za Land Rover Series III: anzia waya wa bodi

Kaka, umesema taa ndogo zikiwa zimewaka, ukikanyaga breki taa za nyuma zinafifia badala ya kuongeza mwanga. Usinunue swichi ya breki bado. Hiyo ni dalili ya waya wa bodi, ule mweusi unaorudisha umeme wa taa kwenye betri kupitia bodi, kutoshika vizuri, kwa hiyo umeme wa breki unatafuta njia ya kurudi kupitia nyuzi za balbu nyingine.

Chukua waya mrefu, funga ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine gusisha kwenye kikombe cha taa, kile cha chuma kinachoshika balbu. Mwanga ukirudi, umepata jibu. Fungua ule mweusi, safisha kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Bodi ya Land Rover ni alumini na chasisi ni chuma, na pale vinapokutana kutu hujificha. Kwa vumbi letu la Dodoma, halafu mvua za Desemba, ni lazima uparudie mara kwa mara.

Angalia na balbu: iwe ya nyuzi mbili, wati 21 na 5. Pini zake hazilingani kimo, kwa hiyo ikilazimishwa kinyume inachanganya breki na taa ndogo.

Ikibaki giza kabisa, washa swichi ya ufunguo, kanyaga breki, pima waya wa kijani wenye mstari wa zambarau. Hauna umeme? Hapo sasa rudi kwenye fyuzi na swichi. Na tafadhali, usitoke na gari usiku kwenye barabara ya Morogoro kabla taa hazijawaka.