Mkojo Uliogandishwa Ulivyonipotosha

Wiki hii mwanafunzi mmoja wa maabara ameniandikia, kwa furaha ninayoifahamu vizuri, kwamba katika mkojo wa watoto wenye mchochota wa figo uliofuata maambukizi ya bakteria wa streptokoka, amekuta kimeng'enya cha NAG kiko juu sana huku GGT, kimeng'enya kingine cha mirija ya figo, ikiwa karibu haipo. Mimi pia niliwahi kupata matokeo kama hayo, na yaliniumiza.

Ugonjwa huu hujitokeza wiki 1 hadi 3 baada ya maambukizi ya koo, au wiki 3 hadi 6 baada ya yale ya ngozi, na huanzia kwenye vichujio vya figo, si kwenye mirija. NAG hukaa ndani ya seli za mirija, na molekuli yake ni kubwa mno kupenya kutoka kwenye damu kichujio kikiwa kizima. Ndiyo maana ikizidi mkojoni hushukiwa kwamba mirija nayo imejeruhiwa. Wazo hilo lilinishika, nikakusanya sampuli kwa miezi mingi na kuzitia kwenye friza kama zilivyotoka.

Siku niliyowasilisha grafu zangu, msimamizi aliniuliza swali moja mbele ya wenzangu wote: "Mashapo uliyatenga lini?" Sikuwa na jibu. Mkojo wa ugonjwa huu huwa na seli nyingi za damu, nyekundu na nyeupe. Seli nyeupe zina NAG yake, na zikipasuliwa na barafu huimwaga humo humo. GGT nayo hupoteza nguvu ikigandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Nilichokiita ugunduzi kilikuwa kazi ya friza, na kimya cha chumba kile bado ninakikumbuka.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia, nakusihi uzungushe mkojo kwenye sentrifuji ungali mbichi, utenge mashapo, ndipo uuhifadhi. GGT ipime siku hiyo hiyo. Angalia pH, kwani ikizidi 8 NAG hudhoofika. Kila kipimo kigawe kwa kreatinini (taka ya misuli itokayo na mkojo) ya sampuli ile ile, kwa sababu mgonjwa aliyevimba akianza kukojoa kwa wingi, mkojo huzimuka na kimeng'enya huonekana kushuka kabla mirija haijapona. Narudia, mashapo yatengwe kwanza.

Fungua daftari lako uone kama uliandika saa ya kukusanya na saa ya kugandisha. Kama hukuandika, sampuli hizo usiziingize kwenye ripoti, hata kama zimekugharimu miezi sita.