Kwa unayeanza kazi ya jikoni: aliyeagiza chakula kisicho na nyama si yule unayemdhania

Mwaka wangu wa kwanza jikoni, oda isiyo na nyama tuliipokea kwa kuguna. Mhudumu aliingia akasema, "Meza ya nne kuna mtu hali nyama," na aliyekuwa zamu aliokota mboga zilizokatwa kwa ajili ya kupambia sahani nyingine, akazichovya kwenye maji yanayochemka, akazidondoshea siagi, akasukuma sahani dirishani. Mteja alikula kidogo, akalipa, akaondoka. Hakurudi. Na wale watano aliokuja nao hawakurudi pia, kwa sababu watu sita wakitaka kula pamoja huchagua mahali ambapo kila mmoja wao atapata cha kula. Tulidhani tumempoteza mtu mmoja, kumbe tumepoteza meza nzima. Hesabu hiyo ilinichukua miaka kuiona, nami nataka wewe uanze nayo.

Sasa oda hizo haziji mojamoja tena. Ukizifuatilia utagundua kwamba wengi wanaoziagiza jana walikula kuku na kesho watakula samaki. Mmoja yuko kwenye mfungo, mwingine daktari amemwambia apunguze nyama, wa tatu anafikiria mazingira, na wa nne amesoma menyu tu akatamani. Wasiokula nyama maisha yao yote wapo, na nitawarudia kwa sababu tunawadai uaminifu mkubwa. Lakini wanaojaza viti ni hawa wengine. Kosa la jikoni nyingi ni kumpikia mtu wa kufikirika, mtu anayejinyima, aliyekuja kutafuta majani. Hayupo. Aliyeketi pale ana njaa, naye anailinganisha sahani yako na nyama choma aliyokula wiki iliyopita.

Kula bila nyama si jambo jipya. Hiltl, mgahawa usiouza nyama wa Zurich, Uswisi, ulifunguliwa 1898 na bado unahudumia watu. Chama cha wasiokula nyama cha Uingereza kilianzishwa 1847, na kile cha vegani, yaani wasiogusa hata maziwa, mayai wala asali, kikaanza 1944. Kilichobadilika ni muuzaji. Januari 2019 Greggs, maduka ya mikate yaliyoenea Uingereza nzima, yalileta soseji ya kuviringishwa kwenye unga isiyo na nyama, na wateja wakaigombania. Mwaka huohuo Burger King ikaingiza baga ya mimea ya Impossible kwenye matawi yake kote Marekani. Hapo chakula hiki kilitoka kwenye migahawa ya wachache kikaingia kwenye foleni ya mchana ya mtu yeyote mwenye haraka.

Usichanganye, hata hivyo, safari ya nyama za kuigiza na safari ya mboga. Hisa za Beyond Meat, kampuni ya nyama za mimea, zilianza kuuzwa Mei 2019 kwa dola 25, na ndani ya miezi mitatu zikapita dola 200. Miaka michache baadaye zilikuwa chini ya dola 10. McDonald's ilijaribu baga yake ya McPlant kwenye baadhi ya matawi ya Marekani na haikuendelea nayo huko. Nimewasikia wapishi wakizitaja habari hizi kama ushahidi kwamba wimbi limepita. Mimi sioni hivyo. Watu walionja kitu kilichojifanya nyama, wengi wakaona nyama yenyewe ni tamu zaidi, au bei haikuwaridhisha. Hawakusema hawataki maharagwe yaliyoungwa vizuri. Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni huu: baga za kiwandani jifunze kuzipika, kwa sababu zitaagizwa, lakini usizifanye ndiyo ujuzi wako. Yeyote anaweza kufungua pakiti.

Ujuzi wako uwe kwenye moto.

Chukua uyoga. Karibu asilimia 90 yake ni maji, na kila anayeanza humwaga trei nzima kwenye kikaango kimoja, anatia chumvi papo hapo, kisha anashangaa umegeuka kijivu na unaelea kwenye maji yake. Kikaango kiwe kipana na kipate moto kweli kabla hujaweka chochote. Weka uyoga kidogo, kila kipande kiguse chuma, kisha uuache. Usiukoroge. Utasikia kwanza mlio mzito wa maji yanayotoka, halafu sauti inabadilika na kuwa nyembamba, kama karatasi inayokunjwa: hapo maji yamekwisha na uyoga unaanza kukaangika. Ukigeuza kipande ukakuta kahawia kama ganda la mkate, ndipo utie chumvi na mafuta kidogo zaidi. Harufu itakayotoka itawafanya wenzako wageuke kuuliza unapika nini. Nimewafundisha vijana wengi, na karibu wote waliacha kuidharau mboga siku walipousikia mlio huo ukibadilika.

Kisha jifunze ladha ya tano. Mwaka 1908 mkemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, alitafiti kinachofanya mchuzi wa mwani wa kombu ukoleze chakula, akapata kiambata cha glutameti na kuiita ladha hiyo umami. Nyama inayo nyingi, ndiyo maana mpishi wa nyama anaweza kuwa mvivu na bado akasifiwa. Ukiondoa nyama ni lazima uirudishe ladha hiyo kwa njia nyingine: sosi ya soya, nyanya ya kopo iliyokaangwa hadi ikawa nyekundu ya giza, jibini iliyokomaa kwa anayekula maziwa. Uyoga mkavu wa shiitake una kiambata kingine ambacho kikikutana na glutameti ladha inazidi kuliko jumla ya vitu hivyo viwili. Kwa hiyo maji uliyolowekea uyoga mkavu usiyamwage kamwe. Yachuje mchanga, uyahifadhi kama dhahabu.

Jambo la tatu ni uchachu, na hili nitalipita haraka kwa kuwa ni rahisi: sahani ya mboga ikionja kama haina uhai, kabla ya kuongeza chumvi jaribu ndimu au siki. Mara nyingi ndicho kilichokosekana.

Maharagwe mekundu yanahitaji onyo. Yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuhara, na huondoka tu kwa mchemko wa nguvu. Yaloweke saa tano au zaidi, mwaga maji hayo, kisha yachemke kwelikweli kwa maji mapya. Dakika 10 za mchemko ndicho kiwango cha chini kinachotajwa. Mimi nachemsha 30 na sipunguzi. Usiyaweke mabichi kwenye chungu cha umeme cha moto mdogo, maana joto hafifu linaweza kuizidisha sumu hiyo badala ya kuiua. Mkubwa wako akikuharakisha, mkatalie kwa heshima.

Chakula kikiwa kizuri, usikiue kwa jina. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2017 jaribio la mkahawani: mboga zilezile, zilizopikwa vilevile, zilibadilishwa maandishi tu. Zilipoandikwa kwa maneno ya kutamanisha, watu waliozichukua waliongezeka asilimia 25 kuliko zilipoandikwa jina tupu, na asilimia 41 kuliko zilipoandikwa kwa lugha ya afya ya kujizuia, ile ya "mafuta kidogo" na "sukari kidogo". Mtu mwenye njaa hasomi "chaguo la wasiokula nyama" akameza mate. Andika kilichomo na kilivyopikwa: biringanya iliyochomwa hadi ikalainika, karanga zilizosagwa, kitunguu kilichokaangwa kikawa kitamu. Alama ndogo pembeni inatosha kumwambia asiyekula nyama kwamba hiki ni chake.

Na usiweke sahani moja tu. Chuo Kikuu cha Cambridge kilifuatilia zaidi ya milo 94,000 kwenye mikahawa ya vyuo vyake, matokeo yakatoka 2019. Chakula kisicho na nyama kilipoongezwa kutoka kimoja kati ya vinne hadi viwili kati ya vinne, mauzo yake yalipanda kwa asilimia 40 hadi karibu 80, na mauzo ya jumla hayakutikisika kwa kiasi cha kuonekana. Waliobadilika zaidi ni wale ambao mwanzoni walichagua chakula kisicho na nyama mara chache zaidi. Meneja akikwambia "tuliweka, haikununuliwa," muulize aliweka ngapi na ziliitwaje.

Sasa nirudi kwa wale niliosema tunawadai.

Kuna jioni mama mmoja aliagiza supu ya boga. Mhudumu akaja kuniuliza kama ina nyama. Nilikuwa na sufuria tatu motoni, nikajibu bila kuinua kichwa, "Haina." Ni kweli ndani hamkuwa na kipande cha nyama. Lakini maji yake yalikuwa mchuzi wa mifupa ya kuku, tulioupika asubuhi ileile kwenye sufuria kubwa iliyokuwa bado mbele yangu. Mwenzangu alinigusa bega akaielekeza kwa kidole. Nilitoka na aproni yangu hadi mezani. Alikuwa amefika nusu ya bakuli. Nilipomwambia, aliweka kijiko chini taratibu, akashika kitambaa mdomoni, akanyamaza. Kisha akasema kwamba tangu utotoni, kwa imani yake, hajawahi kula kitu kilichokuwa na uhai wa mnyama. Hakunigombeza. Alinishukuru kwa kumwambia, na shukrani hiyo bado inaniuma kuliko matusi yoyote niliyowahi kupata kazini.

Kampuni kubwa nazo zimeanguka hapohapo. McDonald's ilitangaza 1990 kwamba chipsi zake Marekani zitakaangwa kwa mafuta ya mimea, na wengi wasiokula nyama, wakiwemo Wahindu, wakazila kwa amani. Kumbe kulikuwa na kionjo cha nyama ya ng'ombe ndani yake. Kesi ikafunguliwa, na 2002 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 10 na kuomba radhi. Fedha zililipika. Lakini mtu aliyekula alichoapa kutokula hakuna hundi inayomrudisha alipokuwa.

Kwa hiyo soma lebo ya kila kitu stoo, tena usome kila shehena mpya inapoingia, kwa sababu viwanda hubadilisha. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa. Jibini ya Parmigiano-Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kutoka tumbo la ndama, kwa hiyo asiyekula nyama anaweza kuikataa ingawa anakunywa maziwa. Sosi ya Worcestershire ya asili ina dagaa wa anchovi. Baadhi ya vionjo vya mchuzi wa kari vya kopo vina samaki au kamba. Rangi nyekundu ya kochinili hutengenezwa kutokana na wadudu. Hata vidonge vya mchuzi vyenye picha ya karoti vinaweza kuwa na mafuta ya mnyama. Usipojua, jibu ni "ngoja niangalie," halafu uende ukaangalie kweli. Hakuna mteja aliyewahi kunikasirikia kwa kumfanya asubiri dakika mbili nikisoma pakiti.

Vyombo pia. Uliza mapema kama mafuta ya chipsi ndiyo yaliyokaangia samaki, na kama mboga zinachomwa kwenye wavu uleule wa nyama. Kama jiko ni dogo na huwezi kutenganisha, mwambie mteja ilivyo, aamue mwenyewe. Wengine hawajali, wengine kwao ndiyo yote. Uamuzi huo si wako.

Utaambiwa pia kwamba mboga ni faida tupu kwa kuwa ni rahisi kununua. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Kilo ya kabichi haiwezi kufikia bei ya kilo ya nyama, lakini mboga inakula mikono: kuosha, kumenya, kukata, kuloweka, kukausha. Na inaoza haraka. Ukipanga sahani yako, hesabu saa za watu pamoja na vilivyonunuliwa. Na uhakikishe inashibisha. Maharagwe, mbaazi, tofu, mayai kwa anayekula, karanga: kimoja kati ya hivi kiwemo kila mara. Mteja aliyemaliza sahani kisha akasimama na njaa anahisi ameibiwa, hata kama alifurahia kila kijiko.

Mwisho wa zamu, kabla hujavua aproni, pita kwa anayeosha vyombo. Yeye anajua kuliko meneja. Wakati fulani tuliuza koliflawa ya kuchoma, wateja wakiulizwa wanasema nzuri, lakini haiagizwi mara ya pili. Kijana wa kuosha vyombo ndiye aliyeniambia: "Shefu, wanakula juu, huku chini wanaacha." Nikachukua sahani moja kabla hajaimwagia maji. Shina lilikuwa limebaki zima, gumu, jeupe kama lilivyotoka shambani, na alama za uma zilizoshindwa kupita. Kesho yake tulianza kuifunika na kuivukisha dakika chache kabla ya kuichoma, na shina tukalipasua msalaba kwa chini. Wiki iliyofuata nilikwenda tena kuangalia. Sahani zilikuwa na mstari wa mchuzi tu, uliofutwa kwa kipande cha mkate.