Usichote chupa moja chini ya bomba!

Dada, simama hapo hapo. Umeandika kwamba Jumamosi mnakwenda kuchota chupa moja ya maji ya mto Auji pale bomba linapomwaga maji machafu, mpeleke maabara, kisha mumshtaki mwenye bomba. Umeuliza pia mita gani ya pH (kipimo cha uchachu wa maji) ni nzuri na kikundi cha vijana kinasajiliwa vipi. Hayo yangoje. Hiyo chupa moja ndiyo itakayowaangusha.

Sisi pia hapa Kisumu tuliambiwa hivyo hivyo, kwenye kijito kingine, na mtu aliyejiita mtaalamu wa mazingira. Alitoza kikundi pesa nzuri, akasimama ukingoni bila kulowesha hata kiatu, akasema, "Choteni pale panaponuka zaidi, inatosha." Matokeo yalirudi mabaya kabisa, watu wakashangilia. Tulipoketi na wenye kiwanda tuliowalaumu, mwakilishi wao aliuliza swali moja tu: maji yalikuwaje kabla ya kufika kwetu? Kimya. Akataja vyoo vya mitaa ya juu, gereji, vijana wanaoosha magari mtoni, akasema uchafu wote umeteremka kutoka huko. Mambo yakaishia hapo. Michango ya akina mama wauza mboga ikaenda na maji, na yule mtaalamu hakushika simu tena. Mpaka leo nikilikumbuka jina lake damu inanichemka, maana alilipwa kwa kazi ambayo hakuifanya.

Sasa nisikilize. Chota juu ya bomba, chota bombani kwenyewe, chota chini yake, siku moja, saa zile zile. Anza chini ukipanda, ukielekea mkondo unakotoka, usije ukatibua tope likaingia kwenye chupa inayofuata. Ile ya chini usiichote mdomoni mwa bomba. Shuka hadi maji yawe yamechanganyika.

Hata sheria ina mlinganisho ndani yake. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za 2006 ziliweka kwamba joto la maji machafu yanayomwagwa lisipishane na la mazingira kwa zaidi ya nyuzi 3. Utahesabu hizo nyuzi 3 kuanzia wapi kama juu hukupima? Viwango vingine vya kanuni hizo, kama BOD (oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu) miligramu 30 kwa lita na COD (oksijeni inayohitajika kuuvunja uchafu kwa kemikali) 50, viliwekwa kwa maji machafu yenyewe yanapotoka, ndiyo maana nasema chota na bombani. Ukiweza, mwombe afisa wa kaunti wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, awepo mnapochota, asije mtu akadai mmeokota maji mtaroni.

Halafu hiyo Jumamosi. Umeuliza maabara kama wanapokea siku hiyo? Sampuli ya bakteria inataka chupa safi kutoka kwao, ikae kwenye barafu (kasha la wauza samaki linafaa, likioshwa vizuri), na ifike ndani ya saa 6. Oksijeni iliyoyeyuka majini ipime pale pale mtoni, haingoji safari.

Mita ya pH nunua yoyote inayokuja na vimiminika vya kuirekebisha, vya pH 4 na 7. Lakini hata mita ya bei ghali, ukipima nayo chini tu, mwenye bomba atakuuliza lile lile swali. Niambie bomba liko upande gani wa daraja, nikuelekeze pa kuchota juu yake kabla hamjaenda.