Uyoga Wangu Hujaa Maji Kikaangoni

Swali: Kila nikikaanga uyoga wa shiitake hutoa maji na kuwa kama uliochemshwa. Ninakosea wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, takriban asilimia 90 ya uzito wa uyoga ni maji, kwa hiyo ukiurundika kikaangoni mvuke hukosa pa kutokea na uyoga hujichemsha wenyewe. Utandaze tabaka moja kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali, uuache mpaka maji yakauke na uanze kutatarika na kubadilika rangi pembeni, ndipo utie mafuta na chumvi. Usiogope kuupika sana, kwani kitini, yaani dutu ngumu iliyo katika kuta za seli zake, hailainiki upesi kama mboga, na shiitake usioiva huwatoa baadhi ya watu vipele. Vikonyo vyake vigumu vifanyie supu.