Sherehe ya siku moja haijengi imani ya mwanafunzi

SWALI: Mimi ni Mkenya, nafundisha hisabati katika sekondari ya umma Houston, Texas. Wanafunzi wangu wengi wana asili ya Amerika ya Kilatini. Darasani wako kimya, na wakikwama hawaniambii. Shule imetenga fedha za sherehe ya Cinco de Mayo na za kumlipa mhamasishaji. Je, hayo yatawafanya wajione ni wenyeji wa shule hii?

JIBU: Hapana, Mwalimu. Swali hili hunijia kila Aprili, na kila mara mpango ni uleule.

Cinco de Mayo ni kumbukumbu ya ushindi wa Wameksiko dhidi ya jeshi la Ufaransa huko Puebla mwaka 1862. Mtoto wa Honduras inamhusu nini? Nchi yake huadhimisha uhuru Septemba 15. Wa Puerto Rico ni raia wa Marekani tangu kuzaliwa. Na wapo watoto wa Guatemala ambao nyumbani huongea Kimam, lugha ya asili ya huko. Kihispania kwao ni lugha ya pili. Ukiwavika wote kofia moja, wanajua hujawatazama.

Kinachonikera hasa ni dhana kwamba watoto hawa wanajitenga kwa kukosa kusherehekewa. Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wa East Los Angeles, California, wengi wao wenye asili ya Meksiko, waligoma na kutoka madarasani, mwalimu Sal Castro akiwaunga mkono. Walidai masomo ya kuwafikisha chuo kikuu badala ya kusukumwa kwenye ufundi, historia yao ifundishwe, na wasiadhibiwe kwa kuongea Kihispania. Walitaka kufundishwa kwa dhati.

Basi anza na somo lako. Tazama nani wamo katika madarasa ya juu ya hisabati. Kama hawa hawamo, wapendekeze mmoja mmoja. Anayekosea mwoneshe hatua aliyopotea, kisha arudie. Sifa za bure wanazigundua haraka. Piga simu nyumbani kabla ya tatizo, ukiwa na mkalimani anayelipwa. Mtoto asifanywe mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Habari za vibali vya kuishi usiulize kabisa: tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Plyler dhidi ya Doe ya 1982, kesi iliyotoka hapohapo Texas, mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa kukosa hati. Swali lako moja la udadisi litasambaa shule nzima kabla ya chakula cha mchana.

Ama hao wahamasishaji wa siku moja, shule zote zijihadhari nao. Humpandisha mtoto jukwaani aeleze jinsi baba yake alivyofukuzwa nchini, ukumbi ukalia, wao wakachukua hundi na kuondoka. Mtoto anabaki na wenzake waliosikia siri ya familia yake, na hakuna mtu mzima aliyepangwa kumfuatilia. Huko ni kumjeruhi. Mkuu wako wa shule akishikilia mpango huo, mwombe kwa maandishi akutajie nani atakaa na mtoto huyo wiki inayofuata. Akikosa jina la kukupa, fedha hizo ziende kwenye saa za mkalimani.